Karatasi ya Mgeni na Karatasi ya Mfanya Kazi

(Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa pamoja wa wafanya kazi wa reli na wa hoteli)



Nimeombwa niseme habari ya mawakili wa mahoteli na wa safari, na kazi yao inavyotugusa sisi. Mimi si wakili. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na yale ya baadaye nimeyasoma kwa kujitafutia. Lakini kabla sijaingia reli nilikuwa mpagazi wa hoteli, na jambo lililonipata huko ndilo lililonifundisha kusoma kila karatasi inayopita mbele yangu. Mke wangu asema nasoma hata gazeti lililofungia maandazi.

Shauri lililotukusanya mwalijua. Wenzetu hawa wa hoteli wameletewa karatasi ya kurasa tatu, na kila mmoja ametakiwa aitie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Hoteli yenyewe sitaitaja, wala haina haja kutajwa, maana karatasi za namna hii ni nyingi. Katika ukurasa wa pili mna maneno ya kwamba mfanya kazi akubali kwa hiari yake kukatwa mshahara kwa kila kitu kitakachopotea au kuvunjika mahali pake pa kazi, yeye pamoja na wenzake wa zamu. Baadhi yenu mmekwisha tia sahihi. Wengine mmesema mtangoja mpaka msikie leo. Basi nitaanza na habari yangu mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa mpagazi katika hoteli moja ya pwani. Basi la watalii lilifika jioni, mizigo kama arobaini, nasi tulikuwa wapagazi wawili tu. Nilipokuwa nikipandisha mizigo ghorofani, mkoba mmoja ulitoweka pale chini karibu na mapokezi. Mgeni alisema ndani mlikuwa na kamera na vitu vingine, jumla yake shilingi 36,000. Asubuhi niliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari mezani, imepigwa chapa, jina langu limeandikwa, imebaki sahihi tu. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 11,000 kwa mwezi. Nilitia sahihi, maana niliambiwa nisipotia ni polisi. Nikakatwa shilingi 3,000 kila mwezi kwa muda wa mwaka mzima. Mwaka huo ndio mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa karo akiwa kidato cha pili, na hakurudi tena shuleni.

Hayo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili niliipata mwaka 2019, nikiwa tayari reli, nilipokutana na karani wa zamani wa mapokezi wa hoteli ile ile. Tukakumbushana mambo. Nikamwuliza, yule mgeni alilipwa siku ile ile au alitumiwa fedha kwao? Karani akacheka. Akasema mgeni hakulipwa hata senti, kwa sababu alipoingia alitia sahihi katika fomu ya kujiandikisha, na chini ya fomu ile, kwa herufi ndogo, mliandikwa ya kwamba hoteli haitajibu kwa mali ya mgeni.

Fikirini jambo hili. Mgeni alipoteza mkoba wake, na karatasi ikamwambia hatalipwa. Mimi nilikatwa shilingi 36,000, na karatasi ikaniambia ni za kulipia mkoba. Karatasi zote mbili zilitoka meza moja. Fedha zangu zilimfuata nani? Hilo ndilo nililojiuliza usiku kucha. Na nilipokwenda kuuliza kama naweza kudai, nikaambiwa ya kwamba madai ya kazi yana muda wa miaka mitatu tangu jambo litokee, nami nilikuwa nimechelewa.

Sasa, mawakili wa hoteli hufanya nini? Msidhani wao hungoja kesi tu. Kazi yao kubwa huja kabla ya kesi. Wao huandika mkataba wa kukodi nyumba au uwanja, huangalia leseni ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, leseni ya vileo, mapatano na makampuni yaletayo watalii, mambo ya bima, na siku hizi pia namna ya kutunza majina na nakala za pasipoti za wageni, kwa kuwa tangu 2019 tuna sheria ya kulinda habari za watu. Kazi hiyo si mbaya. Hoteli isiyo na leseni hufungwa, na ikifungwa sisi ndio wa kwanza kukaa nje. Simchukii wakili kwa kujua kazi yake. Ninachosema ni kwamba katika karatasi zile zote anazoandika, baadhi hutolewa kwa mkono wa mfanya kazi. Nani humpa mgeni fomu? Ni wewe wa mapokezi. Nani hubandika tangazo ukutani? Ni wewe wa vyumba. Sisi wa reli nasi ndio tunaotoa tiketi. Kwa hiyo yafaa tujue karatasi zile zina nguvu gani.

Nitawatolea kesi tatu za Uingereza. Msininung'unikie kwa kuwapeleka mbali. Sheria yetu ya mwaka 1967 juu ya mahakama ilisema ya kwamba korti za Kenya, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazikusema neno, zitafuata misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali ya watu wetu. Tena mawakili wetu husoma kesi za huko, hata zile za baada ya tarehe hiyo, na kuzitaja mbele ya majaji hapa. Mpishi anayetaka kujua mchuzi huanza na viungo.

Kesi ya kwanza ni ya reli, nami naipenda kwa sababu hiyo. Bwana Parker aliweka mfuko wake katika chumba cha kutunzia mizigo, stesheni ya Charing Cross mjini London. Alilipa peni mbili akapewa tiketi. Upande wa mbele iliandikwa atazame nyuma, na nyuma iliandikwa ya kwamba kampuni haitajibu kwa kitu kinachozidi thamani ya pauni 10. Mfuko ukapotea. Thamani yake ilikuwa pauni 24 na shilingi 10. Mwaka 1877 majaji wa rufani walisema swali si kama Bwana Parker aliyasoma maneno yale. Swali ni kama kampuni ilifanya lililo haki kumjulisha ya kwamba maneno yapo. Kwa hiyo kesi ikaamriwa isikilizwe upya kwa kufuata swali hilo. Nanyi mnaotoa tiketi mjue: mkono wako unapoiziba ile alama ya "tazama nyuma", korti ya kesho yaweza kuuliza habari ya mkono wako.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1930, nayo hunitia uchungu. Mama mmoja, jina lake Thompson, hakujua kusoma. Jamaa yake alimnunulia tiketi ya reli ya bei nafuu, shilingi mbili na peni saba. Tiketi ilisema masharti yako katika kitabu cha nyakati za treni. Kitabu chenyewe kiliuzwa peni sita, na sharti lililohusika lilikuwa ukurasa wa 552. Mama alianguka akishuka, akaumia. Majaji wakasema sharti linamfunga hata kama hakujua kusoma, kwa maana notisi ilikuwa yatosha kwa watu wa kawaida. Sidhani hakimu wetu wa leo angependa kusema hivyo, na hapa kwetu tangu 2012 tuna sheria ya kumlinda mnunuzi. Lakini mwaona jinsi karatasi ilivyoweza kumfunga mtu asiyeijua.

Ya tatu ni ya hoteli. Katika kesi ya mwaka 1949 bibi mmoja, Olley, alikuwa akikaa hotelini London. Alitoka akaacha ufunguo wake mapokezi, ukatundikwa ubaoni. Mtu akauchukua, akaingia chumbani, akaiba makoti yake ya manyoya. Hoteli ikasema: tuliandika ukutani chumbani ya kwamba hatujibu kwa vitu visivyowekwa kwa msimamizi. Majaji wakakataa. Walisema mapatano yalifanyika mapokezi, pale bibi alipokubaliwa kukaa, na tangazo la chumbani aliliona baadaye. Sharti lililokuja baada ya mapatano haliwezi kuingia kwa mlango wa nyuma.

Basi wakili wa hoteli aliyesoma kesi ile alifanya nini? Alilitoa tangazo chumbani akalileta mapokezi, akaliweka katika fomu, akataka mgeni atie sahihi kabla ya kupewa ufunguo. Ndiyo fomu iliyomnyima yule mgeni wangu mkoba wake. Kama ilimnyima kwa haki, hilo ni jambo lingine. Tangu kale sheria ilimtaka mwenye nyumba ya wageni ajibu kwa mali ya msafiri, maana zamani wengine walishirikiana na wezi wa njiani. Sheria ya Uingereza ya 1956 ilimwekea mwenye hoteli kikomo cha malipo akibandika tangazo lililo wazi karibu na mapokezi au mlangoni, lakini kikomo hicho chaondoka ikiwa mali ilipotea kwa uzembe wake au wa mtumishi wake. 

Shikeni neno hilo "uzembe wa mtumishi". Kitu kikipotea, utaambiwa uandike taarifa. Andika ulichoona na ulichofanya: saa, mahali, mizigo mingapi, watu wangapi zamuni. Usiandike "nilizembea" kwa sababu mtu amekusomea neno hilo uliandike. Neno moja kama hilo laweza kumsaidia mgeni dhidi ya hoteli, na papo hapo likaisaidia hoteli dhidi yako. Mimi niliandika "nilizembea", na herufi zangu zilikuwa nzuri sana, maana masista walitufunza mwandiko.

Sasa nafika kwenye kurasa tatu zenu. Mwanamume mmoja hapa mbele aliniuliza kabla ya mkutano: ikiwa mgeni akitia sahihi hufungwa, mimi nikitia sahihi sifungwi? Ni swali zuri. Jibu ni kwamba karatasi ya mgeni na karatasi ya mfanya kazi hazipimwi kwa mizani moja. Mfanya kazi ana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na sheria hiyo katika kifungu cha 3 yasema ya kwamba masharti yake ndiyo ya chini kabisa, na mapatano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni bure. Mnaweza kupatana juu ya zaidi. Hamwezi kupatana juu ya pungufu.

Na juu ya makato, tazameni kifungu cha 19. Chasema mambo ambayo mwajiri aweza kukata, na mengine hawezi. Aweza kukata kiasi kinachofaa kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa ni kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kwa kusudi, ndugu zangu. Sahani iliyoteleza katika maji ya sabuni haikuvunjwa kwa kusudi. Mkoba ulioibwa nyuma yangu nikiwa ghorofani sikuupoteza kwa kusudi. Wala hakuna mahali sheria inaposema "pamoja na wenzake". Aliyevunja ni mmoja, na kukata zamu nzima ni kuwakata watu wasiovunja.

Watu wa fedha wasikilize hapa, maana kwao sheria ni kali zaidi. Ikiwa mkataba wako wasema wazi ya kwamba umekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha, basi fedha zikipungua kwa uzembe wako au kwa udanganyifu, waweza kukatwa kiasi kile kile kilichopungua. Karani wa fedha asidanganywe na maneno yangu ya sahani. Ahesabu fedha mbele ya mtu anapopokea zamu na anapoitoa.

Halafu kuna jambo ambalo nililisoma mara nne kwa sababu sikuamini. Kifungu hicho hicho chakubali mfanya kazi aombe kwa maandishi akatwe fedha, kama vile fedha za chama cha akiba na mikopo. Lakini chaongeza: ziwe ni fedha ambazo mwajiri hana faida nazo, wala kwa njia iliyo wazi wala kwa njia ya kuzunguka. Sasa niambieni, fedha za kulipia sahani za hoteli, faida ni ya nani? Yale maneno "kwa hiari yake" katika ukurasa wa pili yamewekwa ili yafanane na ombi la mfanya kazi. Hayafanani. Na kwa jumla, makato yote yakiunganishwa hayapasi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Sisemi mwajiri hana njia. Akiamini ulimharibia mali, aende kortini athibitishe. Njia hiyo i wazi kwake, naye ana wakili.

Najua mtauliza: nikikataa nikafukuzwa je? Sitawadanganya. Sheria haipiki ugali siku ile ile. Mtu aweza kufukuzwa asubuhi, na kesi ikachukua miaka. Lakini yajueni haya. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, kifungu cha 41 chamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama katika chumba hicho. Kupeleka malalamiko ya haki dhidi ya mwajiri si sababu ya kufukuzwa. Ukifukuzwa pasipo haki, afisa wa leba aweza kupokea malalamiko yako ndani ya miezi mitatu, na korti ya kazi yaweza kuamuru ulipwe mpaka mishahara ya miezi 12. Tangu 2018 baadhi ya mahakimu nao wamepewa uwezo wa kusikiliza kesi za watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo si lazima kila mtu asafiri mpaka mbele ya jaji. Tena mbele ya korti ya kazi aweza kukusemea ofisa wa chama chako, si wakili peke yake. Ada ya chama mnayoilalamikia kila mwezi hununua jambo hilo pia.

Ndiyo maana siwaambii mmoja mmoja mwende kurusha karatasi mezani kwa meneja. Aliye peke yake atapata jibu alilolipata mpagazi wa 2014. Halmashauri imekubali ya kwamba chama kiandike barua moja kwa hoteli, kwa niaba ya wanachama wote, kikitaja vifungu hivi, na kuomba ukurasa wa pili uondolewe. Kurasa nyingine mbili hazina ubaya mkubwa. Ukurasa wa tatu, kwa kweli, unaeleza saa za kupumzika vizuri kuliko mkataba wenu wa zamani, nami ningeutia sahihi.

Waliokwisha tia sahihi wasione haya. Mimi nilitia. Sahihi ile haifanyi halali jambo ambalo sheria imelikataza. Ila wasikae kimya wakikatwa: kila mwezi wadai karatasi ya mshahara ionyeshayo kila kato na sababu yake, kwa maana sheria yamtaka mwajiri aitoe, na waiweke mahali pasipofikwa na watoto wala panya. Miaka mitatu huanza kuhesabiwa bila kukupigia kengele.

Bwana Katibu amekaa pale mlangoni na daftari. Anahitaji mambo matatu kwa kila mtu: nakala ya kurasa zote tatu, karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita, na tarehe uliyotia sahihi kama ulitia. Asiye na nakala aombe leo jioni apewe, na akinyimwa aandike jina la aliyemnyima na saa. Wa zamu ya usiku waanze wao, wakalale. Barua itapigwa chapa Jumatatu.